Mpe Jembe

Upepo wa huku haujui kupiga hodi.
Unaingia na mlango mkononi.

Mwaka niliozaliwa uling'oa paa la zizi la kina Barrientos,
ukalitembeza bati juu ya kondoo mia tatu
na kulilaza ng'ambo ya barabara
taratibu, kama mtu anayetandika kitanda.
Mama alifunga nguo kambani kwa waya,
na bado kila msimu tulipoteza shuka mbili.
Mjini Punta Arenas wamefunga kamba kwenye kona za mitaa
ili wazee wasichukuliwe wakienda kununua mkate.

Babu alichimba mafuta ng'ambo ya mlangobahari.
Alikuwa na kidole pungufu, na redio,
na nyumba ya kampuni yenye joto hata Julai,
baridi inapokata masikio.
Visima vilipokauka kampuni ilirudi na joto lake,
ikatuachia minara yenye kutu
na desturi ya kutomwamini mtu mwenye kofia nyeupe.

Basi walipokuja wenye kofia nyeupe kupima upepo
Mama, Edelmira Mansilla, hakuwakaribisha ndani.
Aliwapelekea chai nje,
akawatazama wakikimbiza karatasi zao.
"Mnapima nini? Mgongo wangu huu haujawatosha?"

Walimweleza. Vinu mia, mabawa marefu kuliko kanisa.
Maji ya bahari yatatolewa chumvi,
kisha umeme utayapasua:
oksijeni huku, haidrojeni kule,
kama mke na mume walioshindwana.
Haidrojeni itafungwa ndani ya amonia, itapanda meli,
itakwenda kufua chuma cha watu wasiotujua.

Mama akauliza swali moja.
"Na birika langu?"

Walipekua. Hapakuwa na ukurasa wa birika.

Mimi nilichukua kazi. Nilihitaji mshahara, sifichi.
Asubuhi baada ya tufani natembea chini ya vinu
na mfuko na daftari, nikiokota ndege.
Jumatatu wawili. Jumanne hakuna.
Alhamisi mmoja, bata bukini, dume;
jike lake lilikuwa bado linazunguka juu.
Hesabu hiyo huioni kwenye kipeperushi chao.

Lakini nimeusikia pia mtambo ukiamka,
sauti ndogo, kama maharage yakianza kutokota,
nikaona mshale wa geji ukipanda
na nje upepo ule ule, mwizi wa shuka zetu,
ukisukuma, ukihema kama kibarua.
Mgeni siku mbili, na huyu
siku yake ya tatu ilipita zamani,
kabla ya Babu, kabla ya kondoo,
kabla ya wale waliokoka moto ufukweni hapa
na mabaharia wakaandika moshi wao tu, si majina.
Hakuna aliyempa jembe mpaka leo.

Agosti, fundi mkuu Ruperta Oyarzo alifumba jicho moja,
nikaazima jiko la majaribio kwa Jumapili moja.
Nikaliweka mezani kwa Mama. Nikaliwasha.
Hakuona kitu. Moto wa haidrojeni hauna rangi.
"Umeniletea uongo wenye mguu wa chuma."
Akachomoa unyasi mmoja kwenye ufagio,
akaunyoosha juu ya jiko tupu.

Ukawaka.

Aliutupa. Akajaza birika maji ya baridi, akalitua
juu ya pale pasipo na kitu.
Chini ya birika pakaota matone, madogo, mengi;
moja likaning'inia ukingoni.
Nikamwambia, moto huu hauna moshi,
unazaa maji, ni yale yale tuliyoyapasua,
yanarudiana.
Alikinga kidole. Akaonja.
"Halina chumvi."

Dirishani ilionekana meli imetia nanga,
taa zake zimewashwa mchana.
Mama akavuta kiti, akaketi mbele ya jiko.
"Waambie wenye meli wangoje," alisema.
"Birika halijachemka."